PAKA WAKO ANAKUNYWA NINI? Maji, maziwa, na hatari ya mkojo kuziba

 

Leo tunamzungumzia mgonjwa ambaye hana namba ya NHS na wala hawezi kukuambia anaumwa wapi. Mgonjwa huyo ni paka.

Najua wengine watacheka. Lakini hapa Uingereza nyumba nyingi za Waswahili ninazotembelea zina paka. Watoto waliozaliwa huku wameomba, wazazi wamekataa mwaka wa kwanza, wamekataa mwaka wa pili, mwaka wa tatu wamechoka. Sasa paka yupo kwenye kochi na mama ndiye anayemlisha. Na kwa kuwa watu wanajua mimi ni nesi, baada ya kuulizwa habari za presha na sukari naulizwa na habari za paka. Maswali huwa mawili. La kwanza: "Paka wangu hanywi maji, nimpe maziwa?" La pili: "Paka wangu anaingia kwenye mchanga wake mara kumi, anajikamua na hatoi kitu, je, amefunga choo?"

Swali la kwanza lina muda wa kujibiwa. La pili linaweza kuwa la kufa na kupona usiku huo huo. Maswali haya mawili yana uhusiano, na ndiyo maana nimeona niyaandike pamoja.

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ni muuguzi wa binadamu. Nimesomea kazi hii nyumbani na nikaisomea tena huku. Figo, kibofu na upungufu wa maji mwilini ni mambo ninayoyashika wodini kila siku, na mwili wa paka kwa hayo haupo mbali sana na wetu. Lakini matibabu ya paka ni kazi ya daktari wa wanyama. Makala hii ni ya kukusaidia kuzuia tatizo, na kujua lini usingoje.

MBONA PAKA WA KWETU HAWAKUWEKEWA MAJI?

Wengi wetu tumekua na paka. Ukienda Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe Zanzibar utawaona wamejipanga pale samaki wanapopaliwa, wanangoja chao. Nani aliwawekea bakuli la maji? Wachache sana. Na paka waliishi. Kwa hiyo mtu anauliza: huku kuna nini cha ajabu?

Jibu ni kwamba paka wale walikuwa wanakunywa kwa kula. Kichwa cha samaki, utumbo wa kuku na panya wa ghalani vyote vimejaa maji. Mwili wa panya peke yake, karibu asilimia 70 ni maji. Paka aliyekula panya amekula na amekunywa.

Paka wetu wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kavu. Mungu amempa figo zenye nguvu ya kubana maji na kutoa mkojo mzito. Kwa sababu hiyo kiu haimjii haraka. Mbwa akikaukiwa utamwona anakimbilia bakuli, lakini paka anaweza kupungukiwa maji na bado akalala zake kimya kana kwamba hana shida.

Sasa mchukue mnyama huyo, umweke kwenye fleti Leicester au London. Hawindi, hatoki, hita inawaka miezi sita, na chakula chake ni zile punje kavu za kwenye mfuko. Figo bado ni zile zile za jangwani, kiu ni ile ile ndogo, ila maji yaliyokuwa ndani ya chakula yameondolewa. Hapo ndipo tatizo linapoanza.

TUPIGE HESABU

Paka anahitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani maji yote pamoja, ya chakula na ya bakuli. Paka wa kilo 4, basi, anahitaji kama mililita 200 hadi 240. Hiyo ni karibu kikombe kimoja cha chai.

Chakula cha majimaji, cha kopo au cha pakiti ndogo, kina maji asilimia 75 hadi 80. Akila pakiti tatu za gramu 85 kwa siku, amekwisha pata karibu mililita 200 kabla hajagusa bakuli. Chakula kikavu kina maji asilimia 10 au chini yake. Akila gramu 60 za punje, amepata mililita 6 tu. Zilizobaki lazima azinywe mwenyewe.

Na kunywa kwa paka ni kazi. Mwaka 2010 wanasayansi wa Marekani walipiga picha za kasi paka akinywa, wakaona kwamba hugusa maji kwa ncha ya ulimi na kuyavuta juu, kama mara nne kwa sekunde, na kila mara anapata karibu sehemu moja ya kumi ya mililita. Ukitaka apate mililita 200 kwa njia hiyo, ni kulamba mara 2,000 kila siku. Paka anayekula kikavu hunywa zaidi ya mwenzake, ni kweli, lakini kwa kawaida hafikii jumla ya maji anayopata anayekula cha majimaji.

Sisemi chakula kikavu ni sumu. Paka wengi wanaishi nacho vizuri, ni rahisi, hakiozi haraka, na kwa mwenye kipato kidogo ni nafuu. Ninachosema ni kwamba kama paka wako anakula kikavu peke yake, bakuli moja la maji lililosahauliwa kwenye kona ya jiko halitoshi. Changanya: asubuhi kikavu, jioni cha majimaji. Au mwagie punje zake vijiko viwili vitatu vya maji ya uvuguvugu, zikikaa muda bila kuliwa utupe.

MAZIWA SI MAJI

Hapa nitagusa desturi yetu. Paka na kisahani cha maziwa ni picha tuliyolelewa nayo. Lakini paka akishaachishwa ziwa, mwili wake hupunguza sana kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, yaani laktosi. Hata sisi Waafrika wengi wa umri mkubwa tuko hivyo hivyo: tukinywa glasi nzima ya maziwa freshi, tumbo linanguruma. Kwa paka, sukari ile hubaki utumbo, huvuta maji, na matokeo ni kuharisha. Kwa hiyo unaweza kumpa maziwa ukidhani unamwongezea maji, kumbe unamtoa.

Wapo paka wanaoyavumilia, na tone moja halitamuua. Lakini maziwa ni chakula chenye mafuta, na paka mnene wa ndani ndiye huyo huyo ambaye yuko hatarini kuziba mkojo. Yale maziwa ya paka yanayouzwa supamaketi yamepunguzwa laktosi. Hayana madhara akipewa kidogo siku moja moja, ila yahesabu kama peremende.

Kwa mtoto wa paka aliyepoteza mama, usimpe maziwa ya ng'ombe wala ya unga ya mtoto wa binadamu. Yapo maziwa maalumu ya watoto wa paka, hununuliwa kwa daktari wa wanyama au duka la wanyama. Mlishe akiwa amelala kifudifudi, kamwe si chali, yasije yakaingia mapafuni.

VINYWAJI VINGINE TUNAVYOULIZANA

Chai, kahawa na vinywaji vya kola: hapana. Kafeini huendesha moyo wa paka mbio na inaweza kumtia degedege. Kikombe cha chai ya maziwa kilichobaki mezani usikiache.

Soda na juisi: hazina faida yoyote kwake. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba paka hata utamu wa sukari hausikii, jeni ya kuonja utamu kwake haifanyi kazi.

Pombe: hapana kabisa, hata tone la mzaha kwenye sherehe.

Maji ya dafu: acha. Yana potasiamu nyingi, na figo zikiwa na shida potasiamu ndiyo inayosimamisha moyo.

Mchuzi na supu yetu: hapana, kwa sababu ya kitunguu maji na kitunguu saumu. Vyote viwili, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu za paka. Vile vidonge vya supu vya dukani vina chumvi na mara nyingi unga wa kitunguu. Ukitaka kumpendeza, chemsha kipande cha kuku au samaki kwa maji matupu, bila chumvi, bila kitunguu, bila kiungo, toa mifupa, poza, mpe vijiko viwili vya maji yake. Maji ya tuna ya kopo yanafaa kidogo kama kopo limeandikwa ni ya maji ya kawaida, si ya chumvi.

Maji ya ORS: sisi tuliofanya kazi kwenye zahanati za nyumbani tunayaheshimu sana maji haya, yameokoa watoto wengi. Lakini yamepimwa kwa binadamu. Paka anayetapika na kuharisha usimpe mpaka daktari wa wanyama akuambie. Na usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu kwa sirinji akiwa mnyonge, yanaweza kuingia mapafuni.

Kinachobaki ni maji safi ya kawaida. Ya bomba hapa Uingereza yanatosha, hakuna haja ya kununua ya chupa.

MAJI YA KUOGOPA NDANI YA NYUMBA

1. Maji ya chombo cha maua. Maua ya yungiyungi, yale makubwa yenye harufu kali yanayouzwa huku kwa jina la lili, ni sumu ya figo kwa paka. Jani, chavua, hata maji ya chombo chake yanaweza kumuua ndani ya siku chache. Ukiletewa shada la pole au la hongera, litazame kwanza. Mwenye paka asiingize maua haya ndani.

2. Antifrizi, ile dawa ya kuzuia maji ya gari yasigande wakati wa baridi. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kinaweza kumuua paka mzima. Ikimwagika, futa na usuuze mara moja. Ukishuku amelamba, nenda kwa daktari saa hiyo hiyo, kwani dawa yake hufanya kazi katika saa za mwanzo tu.

3. Dettol na dawa nyingine za kuua vijidudu. Najua nyumba zetu hazihesabiki kuwa safi bila Dettol. Lakini ini la paka haliwezi kuvunja kemikali za aina hiyo. Bakuli la paka lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, lisuuzwe vizuri. Sakafu ukiipiga dawa, mtoe paka mpaka ikauke. Na choo kifunikwe.

Na ingawa si kinywaji, nitaitaja: Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Usimpe hata robo, hata ukiona ana homa.

NAMNA YA KUMFANYA ANYWE

- Weka mabakuli mawili au matatu sehemu mbalimbali za nyumba, si jikoni peke yake.
- Yasiwe karibu na chakula, na hasa yasiwe karibu na sanduku la mchanga. Hata wewe usingekunywa maji chooni.
- Tumia bakuli pana, la kauri, kioo au chuma kisichoshika kutu. Plastiki hushika mikwaruzo na harufu.
- Jaza mpaka karibu na ukingo. Paka wengi hawapendi kuingiza uso ndani ya shimo.
- Badilisha maji kila siku, usiongezee tu juu ya ya jana.
- Wengine hupenda maji yanayotembea. Vipo vyombo vidogo vya umeme vinavyozungusha maji, ila vioshwe na chujio libadilishwe.
- Kama mna paka wawili, kila mmoja awe na bakuli lake. Paka mbabe hukaa njiani na mwenzake hanywi.

Mkifunga Ramadhani, mweke mtu mmoja nyumbani awe na jukumu la bakuli, maana mchana hakuna anayepita jikoni.

Kwa ndugu zetu wa Oman na nchi za Ghuba: wakati wa kiangazi maji ya tangi la juu ya paa hutoka ya moto kabisa, paka hayagusi. Mpe yale yale mnayokunywa ninyi, ya baridi kiasi, mara mbili kwa siku, na bakuli likae kivulini. Paka wa nje wanaokuja mlangoni nao wawekeeni.

PAKA DUME ASIYEKOJOA: USINGOJE ASUBUHI

Sasa tufike kwenye lile swali la pili. Mkojo ukiwa mzito kila siku, chembe za madini na ute vinaweza kugandamana ndani ya kibofu. Jike ana njia pana na fupi, mara nyingi vinapita. Dume njia yake ni nyembamba na ndefu, na mwishoni inabana zaidi. Kitu kidogo kama chembe ya mchanga kinatosha kuiziba. Walio hatarini zaidi ni madume waliohasiwa, wanene, wa ndani, wanaokula kikavu, na wenye wasiwasi: nyumba imehamwa, kaja mtoto mchanga, kaletwa paka mwingine.

Dalili ni hizi: anaingia na kutoka kwenye mchanga, anachuchumaa muda mrefu, analia, anajilamba sehemu za siri, yanatoka matone tu au damu, au hakitoki kitu. Baadaye anatapika, anakataa kula, anajificha, analegea.

Watu wengi hudhani ni choo kigumu, kwa sababu mkao ni ule ule. Dada mmoja wa hapa alinipigia simu saa nne usiku akitaka kujua ampe paka wake mafuta ya mzeituni kiasi gani. Nikamwuliza swali moja: "Mara ya mwisho kuona mchanga umelowa ni lini?" Akanyamaza. Ilikuwa jana asubuhi. Nikamwambia, "Dada yangu, chukua teksi." Paka aliwekewa mpira wa mkojo na dripu, akalazwa siku tatu, akapona. Daktari alimwambia asubuhi ingekuwa imechelewa.

Kwa nini? Mkojo usipotoka, sumu na potasiamu hurudi kwenye damu. Figo zinasimama, na potasiamu ikipanda mno moyo unasimama pia. Inaweza kutokea ndani ya siku moja hadi tatu. Hakuna mafuta, chai ya majani wala maji ya kumlazimisha yatakayofungua mrija ulioziba. Usimminye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Mpeleke.

Ndiyo maana nawaambia wenye paka wa ndani: anayesafisha sanduku la mchanga ndiye nesi wa paka. Kila siku aangalie madonge mangapi yamelowa na ukubwa wake. Paka mzima hukojoa kama mara mbili hadi nne kwa siku. Mkimwachia mtoto kazi hiyo, mfundisheni kutoa taarifa.

AKINYWA KUPITA KIASI NAKO KUNA JAMBO

Paka mzee aliyekuwa hanywi, ghafla anamaliza bakuli na madonge ya mchanga yamekuwa makubwa, usifurahi. Inaweza kuwa figo zimechoka, kisukari, au tezi ya shingo. Pima kwa kikombe cha kupimia: yaliyowekwa asubuhi toa yaliyobaki kesho yake. Paka wa kilo 4 akizidi mililita 200 za bakuli peke yake kwa siku, tena siku kadhaa, mwone daktari.

Na kujua kama amekaukiwa, gusa ufizi wake: uwe na unyevu na kuteleza. Ukiwa mkavu na unanata, maji yamepungua. Ngozi ya mabegani ukiivuta taratibu na kuiachia irudi mara moja, ingawa kwa paka mzee ngozi hulegea na kipimo hiki hudanganya. Asiyekula kabisa siku nzima naye apelekwe, ini la paka halivumilii njaa.

PESA NA MILANGO YA KUBISHA

Najua kinachowafanya watu wangoje ni gharama. Kuzibua mkojo na kulazwa hapa Uingereza ni mamia ya pauni na mara nyingi hupita elfu moja. Kwa hiyo jipange mapema. Shirika la PDSA, lililoanzishwa mwaka 1917, na shirika la Blue Cross hutibu bure au kwa bei nafuu wanyama wa watu wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali, kulingana na eneo unaloishi. Uliza leo kama unastahili, na ujiandikishe kabla ya ugonjwa. Bima ya paka nayo inafaa ukikata akiwa mzima, kwani ugonjwa alionao tayari kwa kawaida haulipiwi.

Usiku wa dharura, piga simu ya kliniki yako ile ile. Madaktari wa wanyama hapa wanatakiwa wawe na mpango wa dharura saa 24, na ujumbe wa simu utakuelekeza uende wapi. Kama Kiingereza kinakupa tabu, jifunze sentensi moja ya kuwaambia kwamba ni paka dume na hawezi kukojoa. Wakisikia hivyo hawatakupangia wiki ijayo.

Basi ndugu zangu, leo jioni fanyeni mambo matatu: osheni bakuli mlijaze upya, chotereni vijiko viwili vya maji kwenye chakula chake, na angalieni mchanga umelowa mara ngapi. Haichukui dakika tano.

Nawatakia afya njema, ninyi na watoto na huyo aliyelala kwenye kochi. Tukutane tena panapo majaliwa.